Safari Fupi kwa Pikipiki: Kutoka Kayole Hadi Kilimambogo



Watu wengi wa Kayole wana pikipiki, au huendesha pikipiki za wengine, na bado hawajapata kusafiri nazo. Neno hili laweza kushangaza, maana pikipiki za mtaa huo hazina usingizi. Tangu alfajiri zimejipanga Masimba na Patanisho, zikipeleka wafanyakazi kazini, watoto shuleni na magunia ya sukumawiki sokoni. Lakini kuzunguka mtaani si kusafiri. Mwendeshaji aweza kumaliza kilomita 100 kwa siku moja asitoke Embakasi, na siku anapotaka kwenda Thika kwa njia ya Tala akajikuta hajui aondoke saa ngapi, achukue petroli kiasi gani, wala alale wapi giza likimkuta.

Maelezo yafuatayo yahusu safari moja ndogo ya siku mbili, ambayo mtu wa Kayole aweza kuifanya kwa pikipiki ya kawaida, ile ya nguvu ya sisi 125 au 150. Njia yake ni hii: kutoka Kayole kwa Kangundo Road hadi Tala, kutoka Tala hadi Donyo Sabuk, chini ya mlima ambao pia huitwa Kilimambogo, kisha Fourteen Falls katika Mto Athi, kisha Thika, na kurudi kwa Ruiru na Eastern Bypass. Jumla yake ni kilomita 150 hivi. Wapo waendeshaji watakaocheka kusikia kwamba kilomita 150 zahitaji siku mbili, na sababu itaelezwa mbele kidogo.

Wengine watasema kwamba kutembea bila shughuli ni anasa ya wenye fedha. Katika miaka ya nyuma neno hilo lilikuwa na ukweli wake. Pikipiki katika Kenya ilikuwa chombo cha padre, cha Bwana Shamba, au cha mwalimu mmoja mwenye bahati. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na chombo hicho kikaingia mikononi mwa vijana kwa maelfu. Tangu hapo kimeombwa jambo moja tu, nalo ni kuleta fedha. Mtu aliyebeba safari za wengine kwa miaka kumi hadhulumu mtu yeyote akitaka siku mbili za safari yake mwenyewe. Ila azifanye kwa hesabu, kwa kuwa chombo hicho ndicho shamba lake, na kikivunjika huko mbali, nyumba nzima hulala njaa.

Hesabu ya kwanza ni ya jua, wala si ya kilomita. Katika nchi ya Scotland, ambako watu wengi hupenda kuzunguka milimani kwa pikipiki, mwezi wa Juni jua huchelewa kutua hata saa nne za usiku, na msafiri aliyekosea mpango wake husamehewa na mwanga. (Waskoti wenyewe si wageni katika nchi hii: jina la Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, ni jina lao lilivyotamkwa na wenyeji walipokuja wamisheni wao.) Kayole haina msamaha huo. Iko karibu na Ikweta, na mwaka mzima jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza huanguka mara moja kama pazia. Mwendeshaji anayeijua barabara ya mtaa wake hata gizani hawezi kuijua barabara ya Donyo Sabuk gizani. Hayajui matuta yake, hamjui ng'ombe wake, wala hajui lori lililoharibika limesimamishwa wapi bila taa. Basi kanuni ya safari hii ni kwamba magurudumu yasimame saa kumi na moja za jioni, popote yalipo.

Sasa zihesabiwe saa hizo. Msafiri akiondoka Kayole saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, akaenda polepole na kupumzika mara moja njiani, atafika Tala karibu saa mbili na nusu. Akinywa chai na kuondoka saa tatu, aweza kuwa chini ya mlima saa nne. Kutoka lango la mbuga hadi kileleni ni kilomita tisa, na kupanda kwa miguu huchukua saa tatu kwa mtu mwenye afya, na kuteremka si chini ya saa mbili. Tayari ni saa tisa au saa kumi. Hapo ndipo mipango mingi huanguka, kwa sababu watu hutaka mlima, maporomoko ya maji, nyama choma ya Thika na kurudi nyumbani siku ile ile. Matokeo yake ni kwamba hufika maporomokoni jioni, hutazama kwa dakika kumi, kisha hukimbia Thika Road usiku katikati ya mabasi na malori, wakiwa wamechoka na macho yamejaa vumbi. Mwenye siku moja tu achague kimoja, mlima au maji. Anayetaka vyote viwili alale Donyo Sabuk.

Hesabu ya pili ni ya majira. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Maporomoko hupendeza mvua zikiwa zimekwisha kunyesha na mto umejaa, lakini njia za pembeni za uwanda ule ni za udongo mweusi, ambao ukilowa hushika gurudumu kama gundi na kuujaza mkinga-matope wa mbele mpaka pikipiki ikagoma. Mwezi wa Juni au wa Januari, mvua zinapokuwa zimeondoka karibuni, ndio wakati wa kufaa. Juni huwa na baridi asubuhi, na mtu asidharau baridi ya juu ya pikipiki. Vidole vikifa ganzi breki huchelewa.

Hesabu ya tatu ni ya fedha, na ndiyo inayozungumzwa zaidi nyumbani. Petroli si mzigo mkubwa. Pikipiki ndogo iliyo nzima huenda kilomita 40 au zaidi kwa lita moja, basi lita nne hutosha safari yote na kubaki. Gharama iliyofichika ni kazi inayoachwa. Wengi wamezichukua pikipiki kwa mkopo wa kulipwa kila siku. Mwenye deni la shilingi 400 kwa siku aziweke kando shilingi 800 kabla hajanunua hata mkate wa safari, kwa kuwa mkopeshaji hajui mlima wala maporomoko. Kadhalika na aisome karatasi ya mkopo wake. Baadhi ya wakopeshaji hufunga ndani ya pikipiki chombo cha kuwaonyesha ilipo, na baadhi ya mikataba hukataza isitoke nje ya mji bila ruhusa. Ni afadhali kuuliza Ijumaa kuliko kuzimiwa pikipiki Jumamosi katikati ya Joska.

Mke wa mwendeshaji aweza kuuliza, "Baba watoto, ukianguka huko, kodi ya nyumba italipwa na nani?" Swali hilo si la kuwatisha watu, wala si la kukasirikiwa. Hesabu za Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA, zimeonyesha kwa miaka mfululizo kwamba waendesha pikipiki na abiria wao, pamoja na waendao kwa miguu, ni miongoni mwa wanaokufa kwa wingi barabarani. Jibu la mume mwenye akili ni kumwonyesha mkewe bima iliyo hai, leseni ya daraja linalofaa, na kiasi cha fedha kilichoachwa nyumbani. Asiyeweza kuvionyesha vitu hivyo vitatu, safari yake haijawa tayari, hata kama pikipiki yake yang'aa.

Na kama mke mwenyewe atapanda nyuma, yampasa awe na sauti katika mpango. Yeye ndiye anayekaa bila kitu cha kushika, asiyeona shimo kabla halijafika, na anayechoka kwanza. Asimame kila baada ya dakika 45, anyooshe miguu. Apewe kofia ngumu inayomkaa sawasawa na yenye mkanda wa kufungwa kidevuni. Ile kofia ya kazi iliyovaliwa na abiria mia, ambayo mkanda wake ulikatika siku nyingi, ibaki Kayole. Abiria ni mmoja tu, kama sheria inavyosema. Mtoto katikati ni jambo la mtaani lisilofaa hata huko mtaani.

Marafiki wawili wakienda kwa pikipiki mbili ni bora zaidi kuliko mmoja peke yake. Mmoja akipata pancha mwingine hukaa naye, na mmoja akiumia mwingine huita msaada. Lakini wawili hao wakubaliane mapema kwamba mwepesi atamfuata mzito, maana marafiki wengi wa stendi hugeuka kuwa washindani mara waonapo barabara iliyonyooka.

Kuhusu chombo chenyewe hapana haja ya maneno mengi, kwa kuwa waendeshaji wa Kayole wanajua kutengeneza kuliko waandishi. Hata hivyo kuna tofauti moja. Pikipiki ya mtaani huenda hatua fupi na kupoa, na kasoro zake hujificha. Mnyororo uliolegea hauleti shida kati ya Masimba na Umoja, lakini kwa mwendo wa saa nzima mfululizo huweza kuruka na kuzuia gurudumu la nyuma. Tairi iliyopara hushika vizuri lami kavu ya mtaa, kisha humtupa mtu kwenye changarawe. Basi siku tatu kabla ya safari, wala si asubuhi ile, mafuta ya injini yabadilishwe, mnyororo ukazwe, breki zote mbili zijaribiwe, na taa ya nyuma itazamwe na mtu mwingine. Siku tatu zatosha kugundua kwamba fundi amesahau kukaza nati. Mfukoni ziingie spana ya gurudumu, plagi moja, waya wa klachi, viraka na pampu ndogo. Mzigo ufungwe chini na karibu na kiti. Mwendeshaji wa boda boda aliyezoea kubeba godoro hudhani kwamba hakuna mzigo utakaomshinda, lakini godoro hilo hakulibeba kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa.

Sasa njia yenyewe. Mtu wa Kayole ana bahati, kwa kuwa Kangundo Road i karibu na mlango wake, na hana haja ya kupita katikati ya jiji. (Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands hairuhusu pikipiki, lakini safari hii haiihitaji.) Njiru hupitwa upesi. Ruai ina mitambo mikubwa ya kusafisha maji machafu ya Nairobi, ambayo pua huitambua kabla ya macho. Hapa magari ya Eastern Bypass huingia na kutoka, matatu husimama bila kutoa ishara, na mwendeshaji asifikiri bado yuko kwao. Baada ya Kamulu kaunti ya Nairobi huachwa, na Joska ni ya Machakos. Uwanda hufunguka, upepo huanza kusukuma kutoka pembeni, hasa lori kubwa linapopita. Hili ndilo jambo ambalo mwendeshaji wa mtaani halijui kabisa: lori humsukuma mtu nje linapokuja, kisha humvuta ndani linapoondoka. Asing'ang'anie usukani kwa mikono migumu. Alegeze viwiko, akaze magoti kwenye tangi, apunguze mwendo.

Kilima cha mawe cha Koma huonekana hapo, na juu yake pana mahali pa hija pa Wakatoliki. Ni mahali pazuri pa kupumzika kwa dakika chache. Mbele yake ni Tala, soko kubwa la Wakamba. Hapo msafiri ale. Asile chapati kavu akiwa amesimama kana kwamba abiria anamngoja; aketi, aombe muthokoi, na embe kama ni majira yake. Tangi lijazwe Tala, hata kama bado lina nusu, na hapo hapo aulize habari za barabara ya mbele kwa waendeshaji waliotoka Donyo Sabuk asubuhi hiyo. Habari ya ramani ni ya mwaka jana, na habari ya mwendesha boda boda ni ya leo.

Kutoka Tala nchi hubadilika. Mlima husimama peke yake mbele ya macho, mita 2,145 juu ya bahari, kichwa chake chenye msitu mara nyingi kimefunikwa na wingu. Jina la Donyo Sabuk latoka katika Kimasai, maana yake mlima mkubwa. Kilimambogo ni mlima wa nyati, na nyati wenyewe wapo hata leo, ndiyo sababu mbuga hii iliyofanywa mwaka 1967 haipandwi ovyo. Pikipiki iachwe langoni, na msafiri apande akiwa na askari wa wanyama. Ada hulipwa kwa eCitizen, wala si kwa noti. Basi simu iwe na chaji na fedha ziwemo ndani yake kabla ya kufika.

Njiani juu, karibu na kilomita ya saba, pana makaburi. Hapo amezikwa Sir William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na mashamba makubwa nchi hii, akafa mwaka 1925. Alikuwa mtu mnene mno, na husimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini gari lililobeba mwili wake likashindwa na mlima, akazikwa pale liliposhindwa. Kwa wasafiri wa Kayole jina lake si geni. Mjane wake ndiye aliyejenga maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, na ambayo Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi mwaka 1958. Matawi yake mawili yako huku huku Eastlands, Kaloleni na Makadara. Mtu aliyewahi kusomea mtihani wake Makadara aweza kusimama mbele ya kaburi hilo na kuwa na mengi ya kuwaza, akipumua kwa nguvu.

Usiku ulalwe katika kijiji, na pikipiki iingizwe ndani ya ua. Chumba kiulizwe mapema asubuhi kabla ya kupanda mlima, si jioni baada ya kuteremka na miguu inatetemeka.

Siku ya pili ni ya maji. Fourteen Falls si mbali na kijiji, na asubuhi ndiyo saa yake, kabla makundi hayajafika kutoka Thika. Mto Athi huvunjika hapo juu ya mawe kwa mikono mingi, na katika majira ya mvua mikono hiyo huungana kuwa ukuta mmoja unaonguruma. Mawe huteleza, na wapo waliozama hapo wakitaka picha nzuri. Lakini kuna jambo lingine la kutazama. Mto Nairobi, ule unaopita Dandora na Njiru ukiwa mweusi na umebeba taka za mji, huungana na Athi kabla ya maporomoko haya. Povu linaloelea chini ya mawe siyo lote la maji yanayoanguka, na sehemu yake ni sabuni na uchafu wa Eastlands. Msafiri wa Kayole amekwenda siku mbili kwa kuzunguka, na maji ya mtaa wake yamefika mbele yake kwa njia ya mkato. Wanaoishi kando ya mto huo huyatumia kwa mashamba na mifugo, na maji hayo huendelea, yakiitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka yanaingia baharini karibu na Malindi. Ni vigumu mtu kuyaona haya kisha akatupa chupa yake ya plastiki kandokando ya daraja la mtaa wake bila kuikumbuka sauti ile.

Kutoka hapo hadi Thika njia ni fupi, na Thika ina vyakula vya kila namna. Hatari ya siku ya pili huanza baada ya chakula. Thika Road, iliyomalizwa upya mwaka 2012, ni pana na laini, na mwendeshaji aliyeshiba na kuchoka huona kwamba amekwisha kufika. Magari hapo hukimbia kuliko mahali popote katika safari hii. Na ashike upande wake wa kushoto, aache wanaokimbia wakimbie, na Ruiru aingie Eastern Bypass, ambayo itamleta hadi Kangundo Road bila kuugusa mji. Akiondoka Thika saa nane, atakuwa Kayole kabla ya saa kumi, jua likiwa bado juu ya mabati.

Jioni hiyo kabla ya kuoga, vumbi lifutwe, mnyororo utiwe mafuta, na tairi ziangaliwe kwa mkono kama kuna mwiba ulioingia bila kutoboa. Karatasi za bima na leseni zirudishwe mahali pake pa kila siku. Jumatatu saa kumi na moja za alfajiri abiria wa kwanza atakuwa amekwisha simama stendi, na hatataka kusikia habari za nyati.